Siku Tano za Gelato Bologna: Nilikuwa Natafuta Maziwa

Siku ya kwanza, Jumanne

Tumepanda treni ya saa tatu na nusu asubuhi kutoka Munich, mimi na binti wa kaka yangu. Ana miaka kumi na miwili, na shule za Bavaria hazifunguliwi mpaka katikati ya Septemba. Treni haibadilishwi njiani. Inapita Innsbruck, inavuka milima ya Alpi kwenye Brenner, inateremka Bolzano na Verona, na saa kumi na nusu jioni tulikuwa tumeshuka Bologna, jua bado kali.

Kilichonitoa nyumbani ni malai, maziwa ya kugandisha. Bibi yangu, Ng'ambo, Unguja, alikuwa akipika malai ya kuuza tangu mimi sijaanza chuo. Alichemsha maziwa mpaka yapungue karibu nusu, akatia sukari, iliki aliyoitwanga mwenyewe na chembe ya chumvi, akayaacha yapoe, ndipo yakaingia friza. Kisha kila baada ya muda alifungua friza, akakoroga kwa kijiko cha mbao, akafunga. Saa nzima, saa mbili, anakwenda na kurudi. Tukimuuliza kwa nini anajisumbua, anatujibu: "Yasipokorogwa yatakuwa jiwe."

Munich kuna maduka mengi ya Waitaliano ya gelato, ile aiskrimu yao. Familia nyingi zilizoyaanzisha nchini Ujerumani zilitoka kwenye mabonde mawili ya milimani kule Veneto, Cadore na Zoldo. Mzee mmoja mwenye duka karibu na nyumbani kwangu, baada ya kuchoshwa na maswali yangu ya miaka mitatu, aliniambia niende Bologna, kwa sababu ndiko mashine ya gelato ilikozaliwa. Nikaweka akiba, nikakata tiketi.

Kabla ya safari niliweka sharti moja: kila duka nitaagiza fiordilatte, na mtoto atachagua ladha ya pili anayoitaka. Fiordilatte ni maziwa, krimu na sukari, basi. Haina yai, haina vanila, haina chokoleti. Maziwa yakiwa mabovu, hakuna pa kuyafichia. Mahali pengine Bologna hukuti fiordilatte bali fior di panna, ambayo krimu yake ni nyingi zaidi, na hiyo nayo niliikubali.

Kutoka stesheni tulishika Via Galliera kuelekea katikati ya mji, tukiburuta sanduku letu chini ya matao. Mji huu una vibaraza vya matao kila upande. Ndani ya mji mkongwe peke yake vinapita kilomita 38, na mwaka 2021 UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia. Unaweza kutembea mchana kutwa usipigwe na jua wala mvua. Njiani tukakutana na Galliera 49, jina lake ndiyo anwani yake, tukasimama na sanduku letu hapo hapo. Fiordilatte safi, baridi yake ya upole, haichomi meno. Mtoto alichukua limau, akanyamaza mpaka koni ikaisha. Nilifurahi sana, maana nilihofia nimemtoa mbali kwa kitu kisichokuwepo.

Usiku tulikosea. Karibu na uwanja mkubwa kulikuwa na duka lenye taa nyingi, gelato imerundikwa kama vichuguu, juu imepambwa matunda na biskuti, rangi ya bluu, rangi ya waridi, kijani kibichi cha majani ya mpira. Mtoto alinivuta mkono. Muuzaji hakutuonyesha bei, akajaza koni kubwa mbili ambazo hatukuziomba, tukalipa karibu mara tatu ya tulicholipa jioni. Fiordilatte ilikuwa na harufu ya vanila ya unga na ulimi ukabaki na utando wa mafuta. Tuliitupa nusu. Kwetu kutupa chakula ni dhambi, na mpaka nalala ilikuwa inaniuma.

Siku ya pili, Jumatano

Asubuhi nilikwenda sokoni Quadrilatero, vichochoro vya chakula nyuma ya uwanja wa Piazza Maggiore, kununua matunda. Tini zilikuwa zimeiva, zambarau, nyingine zimepasuka zenyewe. Mji huu Waitaliano wanauita mnene, na kweli kila dirisha limetundikwa nyama ya nguruwe. Sisi tulijipatia tortelloni, tambi zilizojazwa jibini la ricotta, kwa siagi na majani ya seji, tukashiba vizuri.

Saa tisa tulikuwa Via Castiglione, kwenye La Sorbetteria Castiglione. Duka hili lilifunguliwa mwaka 1994 na baadhi ya ladha zake zina majina ya watu. Michelangelo ni ya lozi. Edoardo ni ya mascarpone, jibini laini la krimu, na mbegu za msonobari zilizokaangwa kwa sukari. Mtoto alitaka Edoardo kwa sababu ni jina la rafiki yake wa darasani. Mbegu zile zilikuwa bado zinavunjika chini ya meno, hazijalowa, na hilo si jambo dogo kwenye kitu chenye unyevu kama gelato: maana yake zimetiwa leo, si juzi. Fiordilatte yangu ilikuwa tamu kidogo kuliko ninavyopenda, ila nzito na laini. Niliila polepole kibarazani, nimeegemea nguzo.

Kisha tukazunguka hadi Via Santo Stefano, kwenye Cremeria Santo Stefano. Huko nilivunja sharti langu nikaonja pistachio pia. Ilikuwa kijani iliyofifia, inaelekea kahawia, kama rangi ya udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na majani. Hiyo ndiyo rangi yake. Pistachio ikisagwa na maziwa haiwezi kung'aa, na ukiiona inang'aa kama kijani cha bendera, ujue imetiwa rangi. Zile zinazosifiwa kuliko zote hutoka Bronte, ubavuni mwa mlima Etna, Sisili, ambako huvunwa mwaka mmoja na mwaka unaofuata mti unapumzishwa, ndiyo maana bei yake ni ya juu. Ndizi nayo ni hivyo hivyo: gelato ya ndizi ya kweli ni ya kijivujivu, na mnanaa wa kweli ni karibu mweupe.

Hapa niseme neno kwa Waislamu wenzangu, kwa sababu nililitafuta kabla ya safari sikulipata kwa Kiswahili. Gelato nyingi ni maziwa, matunda na njugu tu, lakini zipo zenye pombe na jina halikuambii. Zuppa inglese, ile yenye wekundu, ni kitindamlo cha huku Emilia na wekundu wake ni wa alchermes, ambayo ni kileo. Zabaione ina mvinyo wa Marsala. Malaga ni zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu. Tiramisù, ile ya kahawa, mara nyingi hutiwa pombe pia. Uliza tu, "C'è alcol?" Kila tulipouliza walitujibu kwa heshima, na muuzaji mmoja alibadilisha kabisa mwiko wake, akachukua mwingine safi bila sisi kumwomba. Kuhusu jelatini, uliza vilevile. Mafundi wengi hushikanishia gelato yao kwa unga wa mbegu za mti wa karobu au za mmea wa guar, na hiyo ni mimea.

Siku ya tatu, Alhamisi

Siku niliyoisubiri. Basi namba 87 linatoka mjini, linafuata Via Emilia, barabara ambayo Warumi waliichora mwaka 187 kabla ya Kristo na bado imenyooka kama kamba. Linapita Borgo Panigale, penye kiwanda cha pikipiki za Ducati, na baada ya hapo mashamba yanaanza. Tulishuka Anzola dell'Emilia. Makumbusho ya gelato yamo ndani ya kiwanda cha Carpigiani, watengenezaji wa mashine za gelato tangu mwaka 1946. Yalifunguliwa mwaka 2012. Lazima uweke nafasi mapema, na unatembezwa na mtu.

Mwanamke kijana aliyetutembeza alianza mbali, kwenye theluji iliyohifadhiwa mashimoni na sherbet za Waarabu, neno ambalo Waitaliano wamelifanya sorbetto na sisi tunalo kama sharubati. Akafika Florence, kwenye jumba la Medici, watawala wa mji huo, kwa Bernardo Buontalenti, msanifu wa majengo wa karne ya 16 ambaye Waitaliano humpa sifa ya kutengeneza krimu ya baridi yenye mayai. Akafika Paris, ambako Msisili Procopio dei Coltelli alifungua mgahawa wake mwaka 1686, watu wa mji wakaanza kukaa mezani na kula kitu ambacho kabla yake kilikuwa cha wafalme. Akatuonyesha koni: mwaka 1903 Italo Marchioni, Mwitaliano wa milima ile ile ya Cadore aliyehamia New York, alipata hataza ya mtambo wa kuoka vikombe vinavyolika.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama mbele ya pipa.

Ni pipa la mbao, limefungwa pete za chuma. Ndani yake imesimama ndoo nyembamba ya chuma. Kati ya mbao na chuma hutiwa barafu iliyovunjwa na chumvi ya mawe. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka inanyonya joto la kile kilicho karibu yake, kwa hiyo maji yale ya chumvi yanashuka chini ya sifuri na mchanganyiko ulio ndani ya ndoo unaanza kuganda kwenye kuta. Sasa kazi. Mtu anaizungusha ndoo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika mwiko mrefu, anakwangua kilichoganda ukutani, anakirudisha katikati, anakikandamiza, anazungusha tena. Akiacha, chembe za barafu zinakua na kushikana. Akiendelea, zinabaki ndogo kiasi kwamba ulimi hauwezi kuzihesabu. Mwiko ule ulikuwa umelika upande mmoja.

Nilimweleza yule kijana habari za bibi na kijiko chake cha mbao. Nilieleza kwa Kijerumani, mtoto akasaidia kwa Kiingereza, na pale maneno yalipokwisha nilifungua friza hewani, nikakoroga, nikafunga. Akaelewa mara moja. Akatuvuta hadi kwenye mashine iliyosimama wima. Otello Cattabriga wa Bologna, mwaka 1927, alitengeneza mashine inayofanya harakati zile zile za mkono: kubandua ukutani, kupaka, kubandua. "Huyu alichukua mkono wa bibi yako akautia mota," alisema. Nilishindwa kujizuia, macho yakanijaa. Miaka yote nilidhani bibi alikuwa anahangaika kwa sababu hatukuwa na kitu. Kumbe alikuwa akifanya kazi yenyewe, kiini chake, peke yake, kwenye friza ya nyumbani inayofunguliwa na watoto kila dakika.

Nikauliza yaliyobaki. Mchanganyiko huchemshwa mpaka nyuzi 85, hupozwa haraka hadi 4, hulazwa saa kadhaa ili maziwa na sukari vielewane, ndipo huingia kwenye mashine. Aiskrimu ya kiwandani hupigwa hewa mpaka ujazo wake unaweza kukaribia mara mbili, gelato huingiwa na hewa kidogo, labda theluthi moja, ndiyo maana kikombe kidogo kinalemea mkono. Mafuta yake ni machache pia, kwani maziwa ni mengi kuliko krimu. Hupakuliwa ikiwa na baridi ya nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, wakati aiskrimu ya dukani hukaa kwenye 18. Ulimi uliogandishwa hauonji, na kwa nyuzi 12 unaonja. Sukari nayo haipo kwa utamu peke yake, ndiyo inayozuia maji yasigande yote. Bibi alikuwa akipunguza sukari mwezi wa Ramadhani ilipopanda bei, na malai ya mwezi huo siku zote yalikuwa magumu. Sasa najua.

Mwisho tulipewa gelato. Sikumbuki ladha yake vizuri. Nilikuwa bado kwenye pipa.

Siku ya nne, Ijumaa

Tulipanda San Luca. Ni kanisa lililo juu ya kilima, na njia yake yote, karibu kilomita nne, imeezekwa kwa matao 666. Walianza kuijenga mwaka 1674 ili mahujaji wasinyeshewe. Mtoto aliyahesabu mpaka mia mbili na kitu, akaacha. Juu kuna upepo mzuri na unaiona Bologna yote, wekundu wa vigae mpaka ukungu unapoanzia.

Tuliteremka kwa tao la Meloncello, miguu inatetemeka, tukaenda hadi Via Porrettana, kwenye Cremeria Funivia. Funivia ni gari la waya, na upande huu wa mji kweli lilikuwepo moja lililokuwa likipandisha watu San Luca tangu mwaka 1931 hadi 1976. Hapa ni mbali na watalii. Waliokuwa kwenye foleni ni kina mama wa mtaa na watoto, mzee mmoja na mbwa wake.

Fiordilatte hii ndiyo niliyoisafiria. Sijui nisemeje. Unapoitia mdomoni hakuna kitu cha kwanza, baridi tu ya upole, kisha maziwa yanafunguka, maziwa yaliyochemshwa asubuhi, yale yenye utamu wa kwao kabla ya sukari, na yakishuka kooni yanaacha mdomo msafi. Hukimbilii maji. Gelato ikikufanya uombe maji, sukari imezidi au mafuta si ya maziwa, hilo nililijua kwa ulimi kabla sijalijua kwa maelezo. Nilirudi nikaongeza kikombe cha pili cha ladha ile ile, na muuzaji alitabasamu bila kuuliza.

Mtoto aliagiza yake yenye amarena, cheri chungu za sharubati nzito nyeusi. Tulikuwa tumeshaziona madirishani kwenye vyungu vyeupe vyenye maua ya bluu. Ni za Fabbri, nyumba ya hapa Bologna iliyoanzia Portomaggiore mwaka 1905, na sharubati yao ya amarena inatokana na mapishi ya Rachele, mkewe mwanzilishi. Nilinunua chungu kimoja kwa ajili ya wifi yangu.

Jioni mjini tulipita kwenye kijiduka kisicho na rangi yoyote kaunta yake. Unaona safu ya vifuniko vya chuma tu, kama sufuria za pilau ya harusi. Hayo ni pozzetti, visima vidogo: gelato inakaa chini kabisa, gizani, baridi haipandi wala kushuka. Nikamwambia mtoto, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikamkumbusha vichuguu vya Jumanne. Tukaagiza. Ilikuwa na mchangamchanga wa barafu, ya jana au ya juzi! Kifuniko kinaitunza gelato nzuri, hakiigeuzi mbaya. Tangu hapo tukawa tunaangalia mambo mengine: kama ladha za matunda ni za msimu, kama ubao wa viungo umetundikwa, kama ladha fulani imekwisha na hawaoni haya kusema imekwisha.

Siku ya tano, Jumamosi

Minara miwili ya Bologna inasimama pale Via San Vitale inapoanzia. Asinelli ni mita 97. Mdogo wake, Garisenda, umeinama sana, na tangu Oktoba 2023 umezungushiwa uzio kwa usalama. Tuliupita kwa mbali kidogo, tukafuata San Vitale karibu mpaka mwisho wake, namba 98, Il Gelatauro. Wenyewe ni ndugu wenye asili ya Calabria, kule kwenye kidole cha kiatu cha Italia, na kuna ladha yao wanayoiita Principe di Calabria. Ina bergamoti, tunda la jamii ya malimau ambalo harufu yake ndiyo ya chai ya Earl Grey, na ina asumini.

Asumini! Nilisoma kibao mara mbili. Sehemu ya pwani ya Calabria inaitwa Pwani ya Asumini, kwa mashamba yaliyokuwa yakilimwa kwa ajili ya manukato. Niliweka kijiko mdomoni na kilichonijia si Italia, ni kikuba cha bibi, asumini na mrehani vilivyofungwa kwa uzi, alichokibandika nywele jioni akienda harusini, akituacha mlangoni na harufu yake. Mtoto, ambaye Unguja amefika mara moja tu, alinusa kikombe akasema, "Shangazi, hii inanukia chumbani kwa bibi mkuu."

Usiku tulimpigia bibi kwa video. Yupo kitandani, miwani imekaa upande. Nikamsimulia pipa, chumvi, Cattabriga na mota yake. Hakushangaa. "Mimi si niliwaambia? Yasipokorogwa yatakuwa jiwe." Nikamwambia maziwa bora niliyoyala Bologna ni ya Via Porrettana. Akauliza wanachemsha muda gani. Nikamwambia habari za asumini.

Hapo akavua miwani. "Wanatia asumini kwenye malai?"

"Wanatia, bibi."

"Na haliwi chungu?"

"Haliwi."

Akafikiri. Nyuma yake kulisikika adhana ya mtu kwenye redio. "Basi waulize, mjukuu wangu. Wanalitia bichi, au wanalichemsha na maziwa? Maana likichemka linaungua harufu. Mimi nililijaribu mwaka ule wa harusi ya mama yako, nikamwaga sufuria nzima."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameshakaa chini anafunga kamba za viatu.

"Shangazi, San Vitale wanafunga saa ngapi?"

Tukatoka na bibi akiwa bado kwenye simu.